Namba ya toleo ikikugombanisha na watu: dalili, chanzo na namna ya kutoka

Simu iliingia Jumamosi saa mbili asubuhi. Ilikuwa Novemba, wakulima wanashusha kahawa ya maganda kwenye ghala la chama kimoja cha msingi huku milimani juu ya Moshi, na dada karani wa mizani alikuwa anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye msibani.

"Kaka, mashine yako imempa mzee hapa kilo elfu thelathini na nane na mia tano."

"Kaleta nini?"

"Gunia moja."

Nyuma yake nikamsikia mzee mwenyewe anacheka: "Mwacheni kijana, andikeni hivyohivyo, mimi sina ugomvi."

Gunia lilikuwa na kilo 38.5. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimetoa toleo la 1.4.3 la maktaba yetu ndogo ya programu huria, yaani msimbo ambao programu nyingine zinauita, ile inayosoma uzito kutoka kwenye mizani ya kidijitali kupitia waya wa serial. Ndani yake nilibadilisha mstari mmoja: fanksheni iliyokuwa inarudisha kilo ikaanza kurudisha gramu. Badiliko la mstari mmoja, nikalipa namba ndogo, nikaenda kulala. Kompyuta ya ghala ilikuwa imeandikiwa `~=1.4.0`, yaani ijiletee toleo lolote la 1.4 litakalotoka. Ikalileta alfajiri, na asubuhi ikachapa risiti bila wasiwasi wowote.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuletewa ugomvi wa namba, wangu na wa wenzangu wa hapa Moshi na Arusha. Karibu kila mara mzizi ni uleule. Mwenye programu ameiuliza namba "nimefanya kazi kubwa kiasi gani?", wakati mtumiaji anaisoma namba hiyohiyo akiuliza "nikipandisha leo, kesho asubuhi nitakuta nini kimevunjika?" Maswali mawili, jibu moja, lazima mmoja aumie. Hapa chini nimepanga magomvi kwa jinsi yanavyofika masikioni.

Kwanza, tukubaliane namba zinasema nini

Utaratibu unaotumiwa zaidi kwenye maktaba za programu huria unaitwa Semantic Versioning. Aliuandika Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, na maandishi yake yenyewe yana namba: 2.0.0, ya mwaka 2013. Namba tatu, nukta mbili. Ya kwanza inapanda ukivunja kitu ambacho watu walikuwa wanakitegemea. Ya kati inapanda ukiongeza kitu bila kuvunja cha zamani. Ya mwisho inapanda ukirekebisha kosa na kila kitu kingine kikabaki kilivyokuwa. Namba ya kushoto ikipanda, za kulia kwake zinarudi sifuri: baada ya 1.4.3 huja 1.5.0, si 1.5.3.

Ni hayo tu. Vurugu zinaanzia kwenye neno "kuvunja".

"Nimepandisha toleo dogo tu, mambo yameharibika"

Hili ndilo la gunia la tani thelathini na nane, na ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mtumiaji alifanya sawasawa na ulivyomwambia.

Chanzo cha kwanza kukitafuta: maana imebadilika wakati jina limebaki palepale. Ukifuta fanksheni au kuibadilisha jina, programu ya mwenzako itagoma kwa kelele na ataliona kosa kabla ya kufungua ghala. Ukibadilisha kipimo kutoka kilo kwenda gramu, au mpangilio wa orodha, au saa kutoka ya Afrika Mashariki kwenda UTC, hakuna kelele. Programu inaendelea kukimbia huku inasema uongo. Ndiyo maana mabadiliko ya aina hii mimi nayahesabu kuwa makubwa kuliko kufuta kitu kabisa, hata kama ni herufi tatu tu kwenye msimbo.

Namna ya kupima kabla hujatoa: kwa Git, programu inayotunza historia ya msimbo, chukua majaribio ya toleo lililopita uyaendeshe juu ya msimbo mpya.

`git checkout v1.4.2 -- tests/`

Kisha endesha `pytest` kama kawaida. Jaribio la zamani likishindwa, una habari mkononi. Na kama wiki hii ulilazimika kuhariri jaribio la zamani ili lipite, basi tayari ulishakiri kwa mkono wako mwenyewe kwamba umevunja ahadi. Kilichobaki ni kuandika namba inayolingana na kukiri huko. Jaribio la kilo tulikuwa nalo. Nililihariri mimi mwenyewe, saa tano usiku, nikaona nimefanya kazi safi.

Chanzo cha pili kina utata zaidi: umerekebisha kosa ambalo watu walishalizoea. Lugha ya Python ikiambiwa `round(38.5)` inajibu 38, na ikiambiwa `round(39.5)` inajibu 40, kwa sababu nusu huisogeza kwenye namba shufwa iliyo karibu. Huo ndio utaratibu wake, lakini mnunuzi wa mahindi Arusha anayelipa kwa kilo kamili haelewi kwa nini nusu ya huyu imeliwa na ya yule imeongezwa. Ukiibadilisha hesabu hiyo ili nusu ipande juu siku zote, kwa maandishi ya utaratibu ni rekebisho, namba ya mwisho inatosha. Kwa mhasibu ambaye daftari lake la jana halilingani tena na la leo, hilo si rekebisho, ni msiba. Msimamo wangu, na wenzangu wawili hawakubaliani nami mpaka leo: penye hela, rekebisho la hesabu lipewe namba ya kati, na litangazwe mstari wa kwanza kabisa wa orodha ya mabadiliko, si wa kumi na mbili.

Chanzo cha tatu ni kuachana na Python ya zamani. Hapa wasiwasi huwa mkubwa kuliko hatari yenyewe. Ukiandika vizuri kwenye taarifa za kifurushi kwamba toleo hili linataka Python fulani kwenda juu, kupitia `requires-python`, `pip`, chombo cha Python cha kuletea vifurushi, kwenye kompyuta yenye Python ya zamani italiruka toleo lako jipya na kubaki na lile linaloifaa. Hakuna anayeumia. Usipoandika, italileta, litakufa kwenye mstari wa kwanza, na utapigiwa simu. Nikiwa nimeliandika, napandisha namba ya kati na kulala usingizi.

Namna ya kutoka ukishaharibu. Usirudi kulifanyia ukarabati toleo lililokwishatoka. Nitaeleza sababu chini kidogo. Rudisha tabia ya zamani na utoe toleo jipya haraka. Sisi tulitoa 1.5.0 siku ileile kabla ya saa sita mchana: fanksheni ya zamani ikarudisha kilo kama ilivyokuwa, na pembeni tukaongeza nyingine inayoitwa `soma_gramu` kwa anayezitaka gramu. Kwa vile kitu kimeongezwa, namba ya kati ndiyo iliyopanda. Halafu 1.4.3 tukaliweka alama ya kuondolewa kwenye PyPI, soko la vifurushi vya Python. Alama hiyo hailifuti; inaiambia `pip` isilichague, isipokuwa kwa mtu aliyelitaja kwa namba kamili, ambaye pengine ana sababu zake. Kompyuta ya ghala tuliiandikia upya kwa mkono, kupitia simu, dada karani anataja herufi mojamoja.

"Umesema umetoa toleo jipya. Mbona halionekani?"

Hapa kuna vyanzo vingi na vinafanana kwa sura, kwa hiyo anza kwa kuangalia namba yenyewe imeandikwaje, herufi kwa herufi.

Kwanza, kumi. Rafiki yangu wa Sakina, Arusha, alikuwa na hati (skripti) ya kupandisha programu kwenye kompyuta za duka. Ilifanya kazi vizuri kutoka 1.1 mpaka 1.9. Alipotoa 1.10, kompyuta zote zikasema "tayari una toleo jipya kabisa." Alipita kompyuta hadi kompyuta akidhani mtandao umekata. Hati yake ilikuwa inalinganisha maandishi, na kwa maandishi "1.10" iko kabla ya "1.9", kwa sababu herufi 1 iko kabla ya 9. Nukta kwenye namba ya toleo si ile ya shilingi na senti. Ni kizuizi kati ya namba mbili kamili, na kumi ni kubwa kuliko tisa. Kwenye Linux tumia `sort -V` badala ya `sort` tupu; kwenye Python tumia maktaba ya `packaging`, usijitungie.

Asijione mjinga peke yake. Python 3.10 ilipotoka Oktoba 2021, watu dunia nzima walikuta mafaili yao ya mipangilio ya YAML yaliyoandikwa `3.10` bila alama za nukuu yanasomwa kama 3.1, kwa vile kwa hesabu ya desimali sifuri ya mwisho haina thamani. Dawa ni alama mbili za nukuu: `"3.10"`. Nimeliona kosa hili mara nyingi kiasi kwamba sasa ndilo ninaloliangalia kabla ya kuuliza swali lolote.

Pili, matoleo ya majaribio. Kila kinachofuata kistari kwenye Semantic Versioning kinalishusha toleo, hakilipandishi. 2.0.0-rc.1 (rc ni toleo linalosubiri kupitishwa) iko chini ya 2.0.0. Kijana mmoja alitoa 2.0.0, akagundua kosa, akatoa 2.0.0-final kwa nia njema kabisa ya kusema "sasa hii ndiyo yenyewe." Kwa mashine, aliyoitoa ni rasimu iliyotangulia ile yenye kosa. Hakuna aliyeipata. Alitakiwa kutoa 2.0.1.

Ndani ya hilo kuna mtego mwingine mdogo. Ukiandika `rc9` kisha `rc10`, herufi na tarakimu zikiwa zimeshikana, utaratibu unazilinganisha kama maandishi na `rc10` inaanguka chini ya `rc9`, ugonjwa uleule wa Sakina. Weka nukta: `rc.9`, `rc.10`. Python ina kanuni zake tofauti, inaandika `2.0rc1` bila kistari na inahesabu vizuri, ila kwa kawaida `pip` haileti toleo la majaribio mpaka uongeze `--pre`. Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, nayo inatumia kiwimbi: `2.0~rc1`, kwa sababu kwake kiwimbi kinapangwa kabla ya kila kitu, hata kabla ya mwisho wa neno. Kama unatoa programu moja kwenye masoko matatu, namba moja itakubidi uivalishe nguo tatu.

Tatu, uliwahi kuweka mwaka. Mradi ulianza na 2019.4, akaja mtunzaji mwingine asiyependa tarehe, akaanza upya na 1.0.0. Mashine inaona elfu mbili kumi na tisa na moja, inachagua elfu mbili kumi na tisa milele. Kuna njia ya kutoka inayoitwa epoki: namba inayokaa mbele ya zote na kuzishinda zote. Debian inaandika `1:1.0.0`, Python inaandika `1!1.0.0`. Inafanya kazi, ila ni kovu la usoni. Ukishaiweka huitoi tena. Ningekuwa mimi, ningemezea kiburi changu na kutoa 2020.1.

Nne, mtumiaji wa npm, soko la vifurushi vya JavaScript, ameandika `^0.2.3` na wewe umetoa 0.3.0. Haitamfikia. Alama ile inaruhusu kupanda mpaka kabla ya namba kubwa inayofuata, kwa hiyo `^1.2.3` inakubali chochote chini ya 2.0.0, lakini mbele kukiwa na sifuri, namba ya kati ndiyo inayochukuliwa kuwa kubwa, na `^0.2.3` inaishia kabla ya 0.3.0. Hii si hitilafu. Inakulinda.

Tano, kwa watu wa lugha ya Go: tagi, yaani alama ya Git inayotaja toleo, lazima ianze na `v`, na ukifika `v2` jina la moduli lenyewe lazima liishie na `/v2`. Nimemwona mtu anapoteza mchana mzima kwa herufi moja.

"Mimi nina 0.9.2 na yeye ana 0.9.2, lakini zinajibu tofauti"

Mtu ametoa toleo, dakika kumi baadaye ameona kosa la aibu, akaihamisha tagi: `git tag -f`, `git push -f`. Kwake tatizo limeisha. Aliyekwishapakua katikati ya zile dakika kumi amebaki na ya kwanza, na Git haitambadilishia. Akijaribu kuchukua tagi upya ataambiwa kwamba ingefuta ile aliyonayo. Sisi tuliishi hivyo wiki nzima, kompyuta moja Moshi na nyingine Arusha, kilomita themanini kati yao, zote zinasema 0.9.2 na kila mmoja anaapa kwamba wa upande wa pili ndiye anayekosea kuandika.

Kanuni ya Semantic Versioning kwenye hili haina mlango wa nyuma: toleo likishatoka, kilichomo hakibadilishwi. Na masoko ya vifurushi yenyewe yameshaziba mianya. npm haikuruhusu kuitumia tena namba ile hata ukilifuta toleo lake. PyPI haikubali faili lenye jina lililowahi kutumika. Go inahifadhi alama ya utambulisho wa kila toleo kwenye daftari la umma, na ukibadilisha kilichomo, kompyuta ya mtumiaji inakataa na kusema kuna udanganyifu. Kwa hiyo ukikosea 0.9.2, toa 0.9.3, hata kama ni dakika kumi baadaye, hata kama itaonekana umetoa matoleo mawili kwa siku moja. Namba hazinunuliwi.

Ukikuta dalili hii na tagi haikuhamishwa, angalia kama namba imeandikwa sehemu mbili. Faili la taarifa linasema 1.5.1, msimbo wenyewe ukiulizwa unajibu 1.5.0, kwa sababu mtu alikumbuka moja akasahau nyingine. Iandike mahali pamoja, na kwingine kote isomwe kutoka hapo. `setuptools-scm` inaichukua moja kwa moja kutoka kwenye tagi ya Git.

"Huu mradi upo 0.9 tangu tukiwa chuo"

Mwanzo wa namba ukiwa sifuri, unaruhusiwa kuvunja chochote siku yoyote. Ni ruhusa nzuri ya miezi ya mwanzo. Tatizo ni mtu anayeing'ang'ania miaka mitatu wakati vyama vinapimia mazao kwa programu yake.

Kila anayepita barabara za Moshi kwenda vijijini ameona nyumba ambayo haijapigwa plasta, nondo bado zimesimama juu kusubiri ghorofa, lakini mapazia yapo dirishani na moshi unatoka jikoni. Mwenye nyumba akikuambia "bado najenga", anasema kweli. Ila watu wanalala humo. Maandishi ya Semantic Versioning yenyewe yanasema hivyo kwa namna yake: kama programu inatumika kwenye kazi halisi, pengine ilishastahili kuwa 1.0.0.

Chanzo karibu siku zote ni woga kwamba 1.0 maana yake "imekamilika". Haina maana hiyo. Maana yake nikivunja nitakupigia hodi kwanza. Miradi mikubwa ilikwama hapohapo: React, maktaba ya kurasa za wavuti, ilitoka 0.14 ikaruka moja kwa moja mpaka 15.0 mwaka 2016, na Node.js, mfumo wa kuendeshea JavaScript, ilitoka 0.12 ikafika 4.0 mwaka 2015 ilipoungana tena na wenzao wa io.js waliokuwa wamejitenga. Huhitaji kuruka hivyo. 0.9.7 ya leo, isipobadilishwa hata mstari, inaweza kuitwa 1.0.0 kesho.

"Bosi anataka toleo la 2 kabla ya mwisho wa Juni"

Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni, ripoti inatakiwa, na namba kubwa inapendeza kwenye ripoti. Nimekutana na hili mara mbili. Mara ya kwanza nilikubali. Tukatoa 2.0.0 isiyovunja kitu, na nusu ya watumiaji wakaogopa kuipandisha kwa miezi kadhaa wakitafuta kilichovunjika.

Kwa mtu wa Kilimanjaro mimi hueleza kwa kahawa. Daraja AA linakuambia ukubwa wa punje ilipopita kwenye chekeche. Halikuambii kikombe kitakuwa kitamu. Daraja la PB lina punje ndogo ya duara na lina wapenzi wake. Namba ya kwanza ya toleo nayo inataja jambo moja tu, na jambo hilo si utamu. Bosi akitaka jina la kusherehekea, mpe jina: "Toleo la Masika", "Toleo la Mavuno", chochote, ukiacha namba ifanye kazi yake.

Wapo wanaopandisha namba kubwa bila sababu na hawapati shida, ila wana ahadi nyingine nyuma yake. Linux ilitoka 2.6.39 ikawa 3.0 Julai 2011, na Linus Torvalds, mwanzilishi wake, hakuficha kwamba hakuna kikubwa kilichobadilika. Namba zilikuwa zimerefuka tu. Ikaja 4.0 mwaka 2015 na 5.0 mwaka 2019 kwa mtindo huohuo. Anaweza, kwa sababu sheria yake ya ndani ni kutovunja programu za watumiaji, namba iwe yoyote. Wewe na mimi hatuna sifa hiyo bado. Donald Knuth naye kila akirekebisha TeX, programu yake ya kupanga kurasa za kuchapa, anaongeza tarakimu moja ya pai: mwaka 2021 ilifika 3.141592653. Raha ya mtu ambaye programu yake imekwisha kweli.

"Watu wamegoma kuhama toleo la zamani"

Umevunja mambo mengi kwa mpigo mmoja, au umevunja kidogokidogo kila mwezi mpaka wamechoka. Mfano mkubwa wa kosa la kwanza ni Python yenyewe: 3.0 ilitoka Desemba 2008, na 2 ikazikwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Miaka kumi na moja, kwa lugha yenye jeshi la watu.

Kinachosaidia ni kuonya ndani ya programu kabla ya kuvunja. Fanksheni ya zamani iendelee kufanya kazi kwenye 1.5 na 1.6 huku inatoa onyo linalotaja jina la mbadala wake, halafu iondoke 2.0.0. Mtu aliyekwishayafuta maonyo yote ahamie 2.0.0 bila kubadilisha mstari hata mmoja. Na usitoe katikati ya msimu. Dada karani aliniambia wazi: kuanzia Julai mpaka Desemba asiguswe.

Programu si maktaba

Kuna ugomvi mwingine unaotokana na kutumia utaratibu sahihi mahali pasipo pake. Maktaba inaitwa na msimbo wa mtu mwingine, kwa hiyo kuvunja kuna maana. Programu ya risiti anayoitumia karani haiitwi na msimbo wa mtu yeyote. Yeye anataka kujua kama aliyonayo ni ya zamani. Hapo tarehe inamsaidia zaidi. Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, inafanya hivyo tangu 4.10, iliyotoka Oktoba 2004: mwaka, nukta, mwezi. Toleo lililotarajiwa Aprili 2006 lilichelewa wiki sita, likatoka Juni, nalo likaitwa 6.06 badala ya 6.04, namba ikaubeba ukweli wa kuchelewa bila aibu. Sisi maktaba tumeiacha na namba tatu, programu ya risiti tukaihamishia kwenye mwaka na mwezi.

Kwenye simu za Android kuna namba mbili, na mtu akizichanganya simu inakataa kusakinisha. Ile inayoonekana kwa watu ni maandishi tu, iandike upendavyo. Inayoamua ni `versionCode`, namba kamili ambayo lazima ipande kila mara, na Play Store haipokei zaidi ya 2100000000. Ukiiunda kwa mwaka, mwezi, siku na tarakimu mbili za ziada mwishoni, unatosha. Ukiongeza saa na dakika, umepita mpaka siku ya kwanza.

"Una toleo gani?" "La mwisho."

La mwisho kwa nani? Hapa hakuna namba iliyokosewa, namba haionekani. Mtumiaji akilazimika kufungua dirisha jeusi na kuandika amri ili aijue, hataijua, na nusu saa ya kwanza ya kila simu itaishia hapo.

Tumeichapa chini ya kila risiti, herufi ndogo, baada ya jina la karani na saa: namba ya programu, mkwaju (/), namba ya maktaba. Siku hizi dada karani akipiga simu anausoma mstari huo kwanza, nukta kwa nukta, ndipo ananisalimia.